UZI: Msimu wa 2008/09 wa UConn na Hasheem Thabeet. Tuuzungumze wenyewe, bila kukimbilia NBA

KikapuUpanga (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Likitajwa jina la Hasheem Thabeet humu ndani, hatufiki mbali kabla mtu hajaandika kwamba NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ilimshinda. Likishaandikwa hilo, mjadala umekufa. Naona tunajinyima kitu kikubwa sana. Kabla ya NBA kulikuwa na msimu mmoja wa chuo ambao kijana wa Dar es Salaam alisimama chini ya kikapu cha timu iliyoshinda mechi 31 na kupoteza 5, ndani ya ligi iliyokuwa ngumu kuliko zote za vyuo vya Marekani mwaka ule, na timu hiyo ikafika nne bora ya taifa. Habari hiyo imekamilika, haingoji NBA ije kuithibitisha.

Nikisema ligi ngumu simaanishi ya kubahatisha. Mtoano wa Machi, unaomtafuta bingwa wa taifa wa vyuo, una kanda 4, na kila kanda ina timu moja inayopangwa ya kwanza kwa ubora. Mwaka 2009, timu 3 kati ya hizo 4 zilitoka Big East, ligi ambayo UConn walikuwamo: Louisville, Pittsburgh na UConn. Kwa hiyo kila wiki kuanzia Januari vijana hawa walikuwa wanakutana na watu wa daraja lao.

UConn ni Chuo Kikuu cha Connecticut, kipo Storrs, kijiji cha mashamba na baridi kali kaskazini mashariki mwa Marekani. Kocha alikuwa Jim Calhoun, ambaye tayari alikuwa na ubingwa wa taifa mara 2, 1999 na 2004. Msimu ulianza wakiwa wamepangwa wa pili nchi nzima, nyuma ya North Carolina.

Nianze na pointi gadi wao, yaani mwongoza mashambulizi, A.J. Price, maana bila yeye hamwezi kuielewa timu hii. Alifika chuoni 2004, hajacheza hata mechi moja akapata tatizo la kuvuja damu kwenye ubongo, karibu afe. Akapona. Kisha akasimamishwa msimu mzima kwa kesi ya kompyuta za wizi. Akarudi, akacheza, halafu Machi 2008 akakatika kano la goti katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Diego, na UConn wakatolewa 70-69 katika muda wa nyongeza. Huyo ndiye aliyerudi kuongoza timu 2008/09. Kiungo wa namna hiyo hatishwi na kelele za uwanja.

Pembeni yake kulikuwa na Craig Austrie, mtulivu, asiyepoteza mpira ovyo. Jerome Dyson alikuwa mlinzi mkali wa nje. Jeff Adrien alikuwa mfupi kwa mtu anayepigania ribaundi, yaani mipira iliyokosa kikapu, na majitu, lakini alikuwa na mabega kama ya mpagazi wa magunia Kariakoo. Stanley Robinson hakuwa na timu miezi ya mwanzo, alikuwa akifanya kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu, akarejea Desemba. Na kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, anatokea benchi, mwepesi ajabu: Kemba Walker.

Halafu senta, mtu wa chini ya kikapu, futi 7 na inchi 3, sawa na mita 2.21. Nakuja kwake posti inayofuata.

Pwani_Rebound

Nimekaa, mkuu. Endelea.

KikapuUpanga

Hasheem alizaliwa Dar, Februari 16, 1987. Amesoma Makongo, shule ya jeshi ambayo kila mtu wa umri wangu anajua ilivyolea wanamichezo. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mpira wa kikapu alianza kuushika akiwa na miaka kama 15. Naomba mkae na hilo kidogo. Vijana aliokuja kupambana nao Marekani walikuwa wameshika mpira tangu wana miaka 6 au 7, wana makocha, wana mashindano ya majira ya joto, wana viatu. Yeye alipitia Kenya, Laiser Hill Academy pale Ongata Rongai, kisha akaingia Marekani akahamahama shule hadi akamalizia Cypress Christian, Houston. Mwaka 2006 akaingia UConn. Maana yake alipoingia chuo alikuwa na miaka minne tu ya kikapu mwilini.

Mwaka wa tatu, ambao ndio tunaouzungumza, wastani wake kwa mechi ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku, yaani mitupo aliyoizuia, 4.2. Akawa mlinzi bora wa Big East kwa mara ya pili mfululizo, na makocha wa nchi nzima wakampa tuzo ya mlinzi bora wa taifa, nayo mara ya pili mfululizo.

Ila namba ya bloku inadanganya kwa upungufu. Waliotazama zile mechi wanajua kitu kikubwa kilikuwa mitupo ambayo haikupigwa kabisa. Gadi wa timu pinzani anampita mtu wake, anaingia ndani, anainua macho, anaona mkono ule, anageuka na mpira kurudi nje. Haiandikwi popote. Na kwa sababu yeye yupo nyuma, akina Dyson na Price walikuwa huru kumbana mtu juu kabisa bila hofu ya kupitwa. Timu nzima ilikuwa inalinda kwa ujasiri wa kujua nyuma kuna mtu.

Desemba 20 walikwenda Seattle wakawatoa Gonzaga 88-83 kwa muda wa nyongeza. Wakapoteza moja kwa Georgetown mwisho wa Desemba, kisha wakaanza kukimbia. Januari 31 dhidi ya Providence Hasheem alipata pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Mnaocheza kikapu mnajua bloku 10 katika mechi moja ya dakika 40 ni kitu gani. Februari wakawa namba 1 Marekani nzima.

Hapo ndipo msimu ulipopata jeraha. Februari 11 wakiwafunga Syracuse, Dyson aliumia goti, na msimu wake ukaishia hapo. Watu husoma matokeo ya Aprili wakasahau kwamba kuanzia siku ile UConn walicheza bila mlinzi wao bora wa nje na mmoja wa wafungaji wao wakuu. Kwangu hilo ndilo lililoamua ubingwa.

Siku tatu baadaye, dhidi ya Seton Hall, Hasheem akaubeba mzigo mwenyewe: pointi 25, ribaundi 20, bloku 9.

Mzee_wa_Mtoano

Mkuu, usiruke Pittsburgh. Umefika Februari 14, na Februari 16 naikumbuka vizuri.

KikapuUpanga

Siruki, mzee wangu. Na ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 22.

UConn ni namba 1, wako Hartford nyumbani. Pittsburgh wanakuja na DeJuan Blair, mita 2 na kidogo, yaani sentimita 20 chini ya Hasheem, lakini mzito na anajua kuutumia mwili wake. Mapema tu katika kugombea mpira, Blair akamvuta Hasheem mkono, akamrusha juu ya bega, jitu likaanguka chali. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5, ribaundi 4. Pittsburgh 76, UConn 68. Machi 7 wakarudiana kwa Pittsburgh, UConn wakafungwa tena 70-60.

Kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na mtu aliyempatia dawa. Dawa yenyewe ilikuwa kumwekea mwili chini, kwenye mapaja na kiuno, kabla mpira haujafika, asipate nafasi ya kuruka. Mtu aliyeanza kikapu na miaka 15 hapo ndipo anapopungukiwa. Urefu alizaliwa nao, lakini ile mizani ya miguu hujengwa utotoni kwa kusukumana kila siku.

Mwisho wa msimu Big East walipotoa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, waliigawa kwa watu wawili: DeJuan Blair na Hasheem Thabeet. Naona ilikuwa haki. Blair alimshinda mara mbili uso kwa uso. Hasheem naye aliibadilisha hesabu ya kila timu nyingine kwa miezi minne.

SentaMfupi

Kuna jambo kuhusu Blair wengi hawalijui. Alipokuwa anaingia NBA ilifahamika kwamba magoti yake yote mawili hayana ile kano ya mbele, ya ACL, kwa sababu ya upasuaji wa tangu shule. Alicheza hivyo hivyo miaka na miaka. Mimi ni mfupi na nacheza ndani, kwa hiyo huyu bwana namheshimu sana. Hasheem hakuangushwa na mtu wa kawaida.

Dada_Kikapu

Kaka KikapuUpanga, tufikishe Madison Square Garden, ule uwanja wa New York, tafadhali.

KikapuUpanga

Dada, ndiyo mechi iliyonifanya nifungue uzi huu.

Robo fainali ya Big East, UConn na Syracuse, New York. Ilianza Alhamisi usiku wa Machi 12, huku kwetu ikiwa alfajiri ya Ijumaa, karibu saa 11. Dakika 40 zinaisha 71-71. Kabla ya hapo Eric Devendorf wa Syracuse alitupa ya pointi tatu kengele ikilia, ikaingia, akapanda juu ya meza akishangilia. Waamuzi wakaenda kwenye picha. Mpira ulikuwa bado unagusa vidole saa ilipofika sifuri. Kikapu kikafutwa.

Nyongeza ya kwanza, sare. Ya pili, sare. Ya tatu, ya nne, ya tano, sare. Katika zote hizo tano Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja, kila mara wao ndio wanaokimbiza. Wachezaji wanatolewa kwa faulo mmoja baada ya mwingine, jumla wakafika 8. Watu ambao msimu mzima hawakucheza wanaitwa kuingia katika mechi kubwa kuliko zote za maisha yao. Nyongeza ya sita Syracuse wakaongoza kwa mara ya kwanza, na hawakugeuka nyuma. 127-117. Saa 3 na dakika 46 tangu mpira urushwe. New York ilikuwa saa 7 na dakika 22 usiku. Dar ilikuwa saa 2 na dakika 22 asubuhi, watu wameshafungua ofisi.

Jonny Flynn, gadi wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70. Price wa UConn alifunga 33, na goti lile lililoshonwa. Hasheem alikuwa na pointi 19, ribaundi 14, bloku 6.

Walipoteza, ndiyo. Lakini mtu akiniuliza nimwonyeshe mechi moja ili aelewe kikapu cha vyuo ni kitu gani, simwonyeshi fainali yoyote. Namwonyesha hii. Hakuna aliyekuwa analipwa mshahara pale. Kesho yake Syracuse walirudi uwanjani kwa nusu fainali dhidi ya West Virginia, wakashinda, tena kwa muda wa nyongeza. Miili ya vijana ni kitu cha ajabu.

Pwani_Rebound

Nimesisimka. Na huko kwenye mtoano wenyewe?

KikapuUpanga

Mtoano ulianza Philadelphia, Machi 19, dhidi ya Chattanooga. Siku hiyo hiyo Calhoun aliugua, akapelekwa hospitali, timu ikaongozwa na msaidizi wake George Blaney. Wengine wangetetereka. UConn walishinda 103-47. Mzee akarudi kwenye benchi mechi iliyofuata, Texas A&M wakalala 92-66.

Kisha Arizona. Purdue walifungwa 72-60, Hasheem akiwa na pointi 15 na ribaundi 15. Halafu Missouri, timu iliyokuwa inakaba uwanja mzima dakika zote, na hapo dawa ilikuwa yule mtoto wa Bronx. Kemba Walker, mwaka wa kwanza chuoni, alifunga pointi 23, anapita katikati ya wakabaji kana kwamba hawapo. 82-75, na UConn wako nne bora.

Nne bora ilikuwa Detroit, Aprili 4, ndani ya Ford Field, uwanja wa mpira wa Kimarekani, watu zaidi ya 72,000. Na wapinzani ni Michigan State, ambao chuo chao kiko mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari. Uchumi wa Detroit ulikuwa umeporomoka, viwanda vya magari vinaomba msaada wa serikali, mji mzima umeishika Michigan State, timu ya kocha Tom Izzo, kama kitu pekee cha kufurahia mwaka ule. Huku ilikuwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili.

UConn hawakucheza vibaya. Michigan State walikuwa wepesi zaidi. Kila UConn wakikosa, mpira unatoka kwa kasi na kufika upande wa pili kabla Hasheem hajafika kusimama mahali pake. Hiyo ndiyo njia ya kumshinda mlinzi mrefu: usimpe muda wa kurudi. Na hapo ndipo Dyson alipokosekana, maana yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuzuia mikimbio. 82-73. Hasheem pointi 17 na ribaundi 6. Michigan State walikwenda fainali wakapigwa na North Carolina 89-72.

Mtazamo_Huru

Mkuu, uzi mzuri, lakini mbona unauzunguka ule uchunguzi wa NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, dhidi ya UConn? Calhoun aliadhibiwa.

KikapuUpanga

Siuzunguki, tuliseme lilivyo. Machi 2009 huo huo, timu ikiwa katikati ya mtoano, ziliibuka taarifa kwamba UConn walivunja kanuni katika kumsajili kijana mmoja. NCAA walichunguza, na mwaka 2011 wakatoa adhabu: ufadhili wa wachezaji ukapunguzwa, na Calhoun akafungiwa mechi 3 za ligi. Ni doa na litabaki kwenye rekodi ya kocha. Kijana mwenyewe hakuwahi kucheza hata mechi moja UConn, aliondolewa chuoni kabla ya msimu. Hakuna ushindi hata mmoja kati ya 31 alioushiriki. Ndiyo maana kazi ya Price, Adrien na Hasheem uwanjani siwezi kuihesabu kwenye deni hilo.

Mtazamo_Huru

Sawa, nimekubali. Lakini swali la NBA halikwepeki. Mlinzi bora wa taifa mara mbili, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya 2009 anachaguliwa wa pili nyuma ya Blake Griffin tu, halafu kule wastani pointi 2. Ilikuwaje?

SentaMfupi

Naomba nijibu hili, mkuu KikapuUpanga, maana ni la kiufundi.

Vyuoni hakuna kanuni ya sekunde tatu kwa mlinzi. Senta anaweza kusimama ndani ya eneo la kikapu muda wote anaotaka, hata kama hamkabi mtu. NBA ukikaa mle sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu unayemkaba, ni kosa la kiufundi. Yaani ule ukuta ambao UConn walijengea ulinzi mzima, NBA wanaulazimisha kutembea. Anatakiwa atoke, arudi, atoke tena, afuate senta anayetupa kutoka mbali. Ukianza kikapu na miaka 15, miguu hiyo ya kwenda na kurudi inahitaji miaka mingi ya kujengwa, na Memphis, timu iliyomchagua, hawakuwa na subira hiyo. Msimu wake wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ndogo, Februari 2010. Kijana anayehitaji dakika za kujifunza akawa anakaa benchi au anasafirishwa.

Kwa hiyo sioni kama msimu wa UConn ulikuwa wa uongo. Ni michezo miwili yenye kanuni tofauti, na mmoja ulimfaa.

KikapuUpanga

Umemaliza, SentaMfupi. Sina cha kuongeza kwenye kanuni.

Nitaongeza tu kwamba UConn walishawahi kumtoa senta mwingine aliyechaguliwa wa pili, Emeka Okafor, 2004, na Okafor alikuwa na taji la taifa mkononi. Katika orodha ya bloku ya chuo kile, Okafor ni wa kwanza na Hasheem ni wa pili. Chuo ambacho sasa kina mataji 6 ya wanaume, na jina la Mtanzania liko pale juu. Hilo halikutokea NBA na halihitaji NBA.

Dada_Kikapu

Nafundisha kikapu wasichana wa sekondari, na kila mwaka nina watoto wawili watatu warefu ambao hawajawahi kugusa mpira. Hili la miaka minne tu kabla ya kuingia chuo nitalichukua niwapelekee. Pia lile la mitupo ambayo haikupigwa. Wachezaji wangu wanapenda kurukia kila kitu ili wapate bloku, wanaishia na faulo 4 kabla ya mapumziko. Hasheem aliwahi kuwa na tatizo hilo?

KikapuUpanga

Mwaka wake wa kwanza, sana, dada. Alikuwa anaruka kila akidanganywa. Angalia mechi za 2007 kisha za 2009 ufanye ulinganisho: mwaka wa tatu miguu iko chini mpaka mpira uondoke mkononi mwa mtu, na mikono imenyooka juu badala ya kushuka. Waonyeshe hivyo, mwanzo na mwisho. Watoto wataelewa haraka kuliko ukiwaeleza ubaoni.

Mzee_wa_Mtoano

Swali la mwisho kwa mleta uzi. Walipoondoka, timu ilikwenda wapi?

KikapuUpanga

Mzee, Hasheem alitangulia NBA akiwa amebakiza mwaka mmoja. Price, Adrien na Austrie walimaliza masomo. Dyson akapona akarudi, Robinson na Kemba wakabaki, kocha yule yule. Msimu wa 2009/10 wakashinda 18, wakapoteza 16, na mtoano wa Machi hawakualikwa.